Daftari la Wanachama na Mashine: Tuliyoyaona Makambako na Njombe



Mwezi uliopita nakala moja ya jarida hili ilirudi kwetu. Haikurudishwa na posta. Aliileta bibi mmoja mjane wa Pemba, aliyekuwa amevuka kuja Unguja kumtazama mwanawe, akaiweka juu ya meza yetu ikiwa bado imekunjwa vile vile tulivyoikunja sisi. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mumewe. "Wanangu," alituambia, "mwenyewe huyu ni mwaka wa nne yuko mbele ya haki."

Tuliona haya, tukamwomba radhi. Tulidhani jambo limekwisha hapo, kumbe ndiyo kwanza laanza. Bibi yule alikaa kitako, akanywa maji, kisha akauliza: "Ikiwa daftari lenu halijui kuwa amekufa, je, lajua ni nani anayelipa ada yake?" Tukafungua daftari. Ada ya miaka yote minne imelipwa, na kila stakabadhi imeandikwa jina la marehemu. Aliyelipa ni bibi. Aliyesimamia uchumaji ni bibi, na aliyeanika na kuchambua makonyo ni bibi na wajukuu zake. Naye katika daftari letu hayumo. Hana kura, hana hisa, wala hawezi kusimama mkutanoni akauliza neno. Kwa miaka minne chama chetu kimepokea fedha za mtu kisiyemtambua, na kimemtambua mtu asiyeweza tena kulipa.

Basi ndiyo sababu ya sisi kuandika habari hii. Katika halmashauri yetu wako wasemao kwamba dawa ni kununua programu ya kompyuta, majina yaingizwe, na kazi iishe. Wako na wengine, na baadhi yao ni wazee tunaowaheshimu sana, wasemao kwamba daftari la karatasi liliwatosha watu tangu enzi ya C.G.A., yaani ile Clove Growers' Association iliyoanzishwa mwaka 1927, na kwamba mashine haichumi karafuu. Sisi twaona pande zote mbili zimekosea, ingawa si kwa kiasi kimoja. Na tulichokiona Bara mwaka jana ndicho kilichotufanya tuone hivyo.

Mwezi wa Julai mwaka jana tulipata nafasi ya kusafiri hadi Makambako na Njombe kuwatembelea wakulima wenzetu. Tulipanda basi Dar es Salaam alfajiri, tukapita Morogoro na Mikumi, tukapanda mlima Kitonga, tukapita Iringa na Mafinga, na jioni tukashuka Makambako. Asiyeijua Makambako na ajue kwamba ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia yapita hapo, na reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 yapita hapo hapo, na ndipo barabara ya Njombe na Songea inapochepuka kuelekea kusini. Njombe yenyewe iko kiasi cha kilomita 60 mbele, juu vilimani, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni mkoa tangu 2012, ulipomegwa kutoka Iringa. Watu wake hulima mahindi, viazi mviringo, chai, na siku hizi maparachichi. Baridi ya Julai huko hatuwezi kuisimulia sawasawa. Sisi watu wa pwani tulivaa kila tulichokuwa nacho, na bado meno yaligongana. Karafuu chache tulizochukua kuwa zawadi ziliingia katika birika la chai siku ile ile, na hapana aliyejuta.

Mtu aweza kuuliza, mkulima wa karafuu ana nini cha kujifunza kwa mkulima wa viazi? Jawabu ni kwamba watu wa huko wamefundishwa somo la daftari na mwalimu mkali, naye ni mbolea.

Kati ya 2008 na 2014 ruzuku ya mbolea ilitolewa kwa vocha za karatasi, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo iliyokuwa moyo wa mpango ule. Malalamiko yalikuwa mengi kwamba vocha zapita mikononi mwa wasiostahili, na kwamba majina mengine orodhani hayana mtu nyuma yake. Kisha tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mbeya mpango mpya wa ruzuku, na safari hii orodha ikawa katika mfumo wa kompyuta. Mkulima huandikishwa kijijini kwake, jina, ukubwa wa shamba na namba ya simu. Hupewa namba yake. Na kwa namba hiyo humwendea wakala akauziwa mbolea kwa bei ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa umefika kiasi cha shilingi 130,000 ulishuka hadi 70,000. Mtu aweza kupiga hesabu mwenyewe: katika mifuko minne tu, kuandikwa vizuri au kuandikwa vibaya ni tofauti ya zaidi ya shilingi laki mbili.

Nao walituhadithia. Yuko aliyeandikiwa eka moja badala ya nne, akapata mbolea ya bustani. Yuko aliyebadili namba ya simu, na ujumbe ukawa waenda kwa mtu asiyemjua. Yuko mama ambaye shamba analima yeye, lakini jina lililoandikwa ni la mume aliyekwenda kutafuta kazi Songea miaka mingi iliyopita. Mashine haikuwa na ubaya wowote na hao. Ilisoma ilichopewa. Wakala naye, hata angekuwa mtu wa huruma namna gani, mbele yake pana kioo cha simu kinachosema ndiyo au hapana, wala hakisemi "mwulize sheha".

Karibu na Makambako tulikaribishwa na chama kimoja cha wakulima wa viazi. Karani wake ni binti wa miaka kama ishirini na mitano. Alitusalimu kwa salamu ya kwao, "Kamwene," akatuketisha karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa alituonea huruma. Tukamwomba atuonyeshe mashine.

"Mashine mtaiona, wazee wangu," alisema, "lakini nawaomba kwanza muone aibu yetu."

Akatoa karatasi ndefu. Ilikuwa orodha ya kwanza waliyoitoa katika kompyuta, miaka mitatu nyuma. Chama kilikuwa na madaftari matatu: la uanachama, la hisa, na la mazao. Walipopata kompyuta walifurahi, wakaketi majuma mawili wakanakili yote matatu ndani yake. Walipomaliza, orodha ikawa na majina mengi kuliko watu wote wazima wa vijiji vyao. Mtu mmoja aliitwa Yohana katika daftari la kwanza, John katika la pili, na Y. katika la tatu, na kompyuta ikamhesabu kuwa watu watatu. Na huku koo zao zafanana majina: Mgaya ni wengi, Mwalongo ni wengi, hata watu wawili wa kweli waliolingana majina yote wakafanywa mtu mmoja na hisa zao zikajumlishwa. Mmoja wao alipata gawio la wawili. Mwenzake alikuja ofisini na fimbo.

Wakulima wa viazi wana neno lao, lumbesa, yaani gunia lililojazwa likapita kipimo, likashonewa kichwa juu, mnunuzi akapata viazi vya bure. Sheria yakataza. Binti yule alituambia kwamba orodha yao ilikuwa lumbesa. Tulicheka wote, ila sisi tulicheka kidogo, kwa kuwa tuliikumbuka ya kwetu.

Maana sisi tu wabaya zaidi yao. Huku Visiwani mtu huitwa kwa jina lake, la babaye na la babu yake, na majina yenyewe twayarithishana. Ali Juma Ali wangapi katika shehia moja? Khamis Haji Khamis je? Na jina tukufu la Mtume, katika daftari letu tumelihesabu limeandikwa kwa namna tano: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Muhammed, na Moh'd yenye alama ya juu. Karani aliye hai huwajua wote kwa nyuso, asikosee. Siku akistaafu, ujuzi ule wote huondoka naye katika mfuko wa kanzu.

Sasa tusikilize walivyofanya kujitoa katika lumbesa yao, kwani hapa ndipo penye somo. Hawakurudi kwenye kompyuta. Waliizima. Walichapisha orodha ya kila tawi katika karatasi, wakaenda nayo kijijini Jumapili watu watokapo kanisani, wakaisoma kwa sauti jina baada ya jina, mbele ya wote. Kijiji husahihisha chenyewe. "Huyo alifariki mwaka wa mafuriko." "Huyo na huyu ni mmoja." "Huyo amehamia Ludewa, lakini mke wake yupo, yule pale." Kazi ilichukua miezi mitatu, na watu wawili waliogombana kwa ajili yake hawajapatana hata leo. Lakini walipomaliza ndipo wakampa kila mtu namba moja, namba isiyofuata jina, isiyofuata kijiji, wala haitapewa mtu mwingine hata mwenyewe akifa. Kisha ndipo wakaiwasha kompyuta.

Na programu yenyewe ni nini? Wale waliotazamia kitu cha ajabu wataghadhibika. Ni jedwali la kawaida katika Excel, mstari mmoja kwa kila mwanachama, na safu za namba, majina matatu kila moja peke yake, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, namba ya kitambulisho, simu, tarehe ya kujiunga, na hali. Safu hii ya mwisho ndiyo waliyotusisitizia sana. Mwanachama hafutwi kamwe. Huandikwa yu hai, amefariki, amejitoa, au amesimamishwa, pamoja na tarehe. Mwenye kufuta mstari amefuta na ushahidi wa hisa, na mrithi akija kesho hapana pa kumtafutia haki yake. Fedha huandikwa katika jedwali la pili, kila malipo mstari wake, na kinachoyaunganisha majedwali mawili ni ile namba. Jina halihusiki. Mohamed na aandikwe namna tano apendavyo karani. Namba ni moja.

Kuna mfumo mkubwa wa serikali pia, uitwao MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, uliowekwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Vyama vya Bara hupeleka habari zao humo. Sisi haututawali, kwa kuwa ushirika si jambo la Muungano na huku tuna sheria yetu. Lakini tusione fahari kwa hilo. Maana yake ni kwamba hapana atakayetulazimisha kusafisha orodha yetu, basi twaweza kukaa nayo chafu hadi itudhuru.

Itatudhuru vipi? Mabwana na mabibi, tuanze na akidi. Tuseme chama kina majina 400 daftarini na katiba yataka nusu ya wanachama wahudhurie mkutano mkuu. Tuseme katika hayo 400, mia ni wafu, waliohama, na walioandikwa mara mbili. Wanachama wa kweli ni 300, na wakija 190, ambao ni zaidi ya nusu yao, mwenyekiti atatazama daftari na kusema akidi haikutimia. Watu watarudi makwao, nauli imekwenda, na uamuzi utaahirishwa au utafanywa na wachache waliobaki barazani. Marehemu wamepiga kura ya hapana bila kuinuka kaburini. Tunao wanachama wanaokumbuka mikutano ya namna hii, na si ya zamani sana.

Kisha kuna fedha. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Wananchi Njombe. Hatusemi daftari ndilo lililoifunga, la hasha. Lakini siku zile kila mwenye akiba alijua thamani ya jina lake kuandikwa sawasawa. Bodi ya Bima ya Amana ndiyo iliyowajibika kuwalipa wenye akiba, kwa kiwango kisichozidi shilingi 1,500,000 kwa mtu kama ilivyokuwa wakati ule, na anayelipwa ni yule ambaye jina lake kitabuni na jina lake kitambulishoni ni moja. Uzoefu huo wauzidi ushauri wowote ambao sisi twaweza kuutoa. Chama chetu si benki, lakini twashika hisa na akiba za watu, na siku ya kugawa, iwe ya heri au ya shari, itakuja bila kupiga hodi.

Na la tatu ni soko. Njombe wamepanda maparachichi kwa wingi kwa ajili ya Ulaya na Mashariki, na tangu mapatano ya Novemba 2022 soko la China nalo limefunguliwa kwa parachichi la Tanzania. Wanunuzi wa Ulaya hudai cheti cha GlobalG.A.P., na wakulima wadogo huweza kukipata kwa kundi. Sharti moja la cheti cha kundi ni kuwapo orodha ya wanachama wote na mashamba yao, na mkaguzi akija huchagua majina machache katika orodha na kusema, nipelekeni kwa hawa. Akipelekwa kaburini, cheti cha kundi zima chaingia mashakani.

Msidhani hayo ni ya maparachichi tu. Karafuu na viungo vya kilimo hai viendavyo Ulaya viko chini ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, nayo yasema kundi la wakulima sharti liwe chombo chenye nafsi ya kisheria, lisizidi wanachama 2,000, na kila mwanachama ajulikane na shamba lake lijulikane. Ikiwa siku moja twataka bei nzuri zaidi kwa karafuu safi, mlango wake utafunguliwa kwa orodha.

Hapa yatupasa tuwape wazee wetu haki yao. Daftari la karatasi lina sifa moja ambayo vijana wa kompyuta huisahau: likikwanguliwa, huonekana. Wino hauna siri. Katika jedwali la kompyuta mtu aweza kubadili hisa 5 ziwe 50 saa nane ya usiku, na asubuhi hapana alama yoyote. Kwa hiyo twasema, mashine yoyote itakayonunuliwa na chama sharti iandike yenyewe nani amebadili nini na lini, na neno la siri la kuingilia lisiwe la mtu mmoja. Wale wa Makambako wanalo jedwali tu, lisiloweza kufanya hivyo vizuri, wakatafuta hila: kila mwisho wa mwezi orodha huchapishwa, katibu na mweka hazina huitia sahihi kila ukurasa, na karatasi hizo hufungwa pamoja. Nakala ya kompyuta hutiwa katika kifaa kidogo na kuwekwa nyumba nyingine, mbali na ofisi. Umeme ukikatika, nao hukatika, karatasi ipo. Tuliona njia hii ni ya busara. Karatasi na mashine vyaweza kukaa nyumba moja kama mke na mume, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Wala hatuoni haja ya programu ya gharama. Wamekwisha kutujia vijana waliovaa tai, wakatuonyesha picha za rangi na kutuahidi kwamba mfumo wao wajua kila kitu. Tuliwauliza wajua nini kuhusu mtu aliyekodi mikarafuu kwa msimu mmoja. Wakatazamana.

Na hapo ndipo ugumu wetu wenyewe ulipo, ambao Njombe hauko. Nani ni mwanachama wa chama cha wakulima wa karafuu? Mwenye ardhi? Huku kwetu mti waweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwingine. Wako waliopewa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, na hati ingali na jina la babu, hali wachumao ni wajukuu kumi na wawili ambao hawajagawana mirathi. Iko mikarafuu ya serikali inayokodishwa. Wako wanaokodi mavuno ya jirani yangali mtini. Tena mkarafuu wenyewe haufanani na viazi. Mwaka mmoja huzaa sana, kisha miaka miwili au mitatu hupumzika, na wanachama wengi huacha kulipa ada miaka ya uhaba, wakarudi mwaka wa neema wakiwa na deni na hasira. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya klabu ya mpira, ambapo asiyelipa miezi mitatu hufutwa, ingetufutia nusu ya Pemba.

Sisi twaona, na haya ni maoni yetu tu, mkutano ndio utakaoamua, kwamba uanachama na uwe wa mtu, usiwe wa shamba. Na kwamba shamba liandikwe katika jedwali lake, na kati ya mtu na shamba iandikwe haki aliyo nayo: mwenye mti, mrithi, mkodishwaji, au msimamizi wa mirathi. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa na mashamba matatu, na shamba moja kuwa na warithi tisa, wala hapana atakayepotea. Mwanachama akifariki, msimamizi wa mirathi aandikwe mara moja, hata kabla mirathi haijagawanywa, ili ada isilipwe kwa jina la maiti. Na asiyelipa miaka ya uhaba aandikwe "amesimama", asifutwe.

Kuhusu simu, twaomba uangalifu. Tangu Januari 2020 laini zote husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho, lakini wengi walisajiliwa laini na mtoto au jirani aliyekuwa na kitambulisho tayari. Matokeo yake mzee akilipa ada kwa simu, jina linalotokea kwetu ni la mkwewe, na mweka hazina huandika aliyemwona. Stakabadhi za namna hii tunazo rundo zima. Mlipaji na ataje namba yake ya uanachama, na mweka hazina aandike namba hiyo, asiandike jina la laini.

Tena orodha ni amana. Ina namba za vitambulisho, simu, na kiasi cha karafuu za mtu. Wakopeshaji waitaka, wagombea waitaka, na mtu wa mtaani aliyeipata ajua nani ana fedha ndani mwezi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka habari za watu ziwe sahihi na zitumiwe kwa kazi iliyokusudiwa tu. Hata isingekuwapo sheria hiyo, adabu ingetosha. Kusoma majina mbele ya watu ni sawa. Kusoma kilo za mtu mbele ya watu si sawa, na wale wa Makambako walilitenga hilo.

Tumeambiwa kwamba kusoma orodha katika kila tawi kutatugharimu nauli na posho, na kwamba fedha hizo ni afadhali zinunuliwe kompyuta nzuri zaidi. Twajibu kwamba kompyuta iliyoko ofisini yatosha kwa miaka mitano. Kinachopungua ni miguu. Masheha wawajua wafu wao na waliohama. Tuwaombe wahudhurie, na wakati wa kusoma uwe kabla ya mavuno, watu wasipokuwa juu ya miti. Matawi yaliyo tayari kuanza na yatuandikie, nasi tutachapa majina ya matawi hayo katika toleo lijalo. Wanachama ambao wamehama, waliobadili simu, au wenye marehemu katika orodha wasingoje kufikiwa. Karatasi ya masahihisho imetiwa ndani ya nakala hii. Yajazwe majina matatu kamili kama yalivyo katika kitambulisho, na ipelekwe kwa katibu wa tawi, ambaye atatoa stakabadhi.

Bibi yule wa Pemba ameijaza ya kwanza. Tulimsaidia kuandika, maana miwani aliisahau nyumbani. Mbele ya "haki uliyo nayo katika shamba" alituambia tuandike mrithi, kisha akafikiri kidogo akatuambia tuongeze msimamizi, kwa kuwa wanawe wote wawili hawako Pemba na hawajui hata mikarafuu mingapi ilianguka katika upepo wa mwaka juzi. Yeye ajua. Ombi lake la uanachama litasomwa katika mkutano ujao pamoja na swali la ada ya miaka minne, ihesabiwe yake au la. Jarida hili, kuanzia toleo hili, apelekewa kwa jina lake mwenyewe.